Mjomba Ananiuzia Boti Yake: Nitaombaje Ikaguliwe Bila Kumvunjia Heshima?

Ndugu Mshauri,

Nina jambo linalonikosesha usingizi, na kwa kuwa linahusu ndugu wa damu, sikuona mtu wa karibu ninayeweza kumweleza bila maneno kumfikia mhusika.

Mimi ni mwanamume wa miaka 47, nina mke na watoto watatu. Tangu utotoni nimependa mambo ya majini, na aliyenipandikizia mapenzi hayo ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba, kusoma upepo, na kutulia chombo kinapoyumba. Sasa amepita miaka 70, macho yamepungua nguvu, na daktari amemshauri aache kuendesha. Ameamua kuiuza boti yake, na ameniambia mimi kabla ya mtu mwingine.

Ni boti ya faiba yenye urefu wa mita 8, iliyotengenezwa mwaka 2001, yenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani. Kwa karibu miaka miwili imepandishwa nchi kavu na kufunikwa turubai. Kwa macho inapendeza: imepakwa rangi upya, viti vimeshonwa upya, na mjomba huiwasha injini mara moja moja ili isilale. Bei aliyoitaja ni ya kindugu, kama theluthi mbili ya ile inayotakiwa sokoni kwa boti za aina hiyo. Akiba yangu inatosha kuinunua, ila baada ya hapo itabaki kidogo sana. Nia yangu ni kutoka na familia siku za mapumziko, kuvua kidogo, na siku nyingine kuikodisha kwa watu wanaotaka kutembea majini, ili igharimie matunzo yake yenyewe.

Rafiki yangu mmoja anayezifahamu kazi hizi amenisihi nisitoe chochote kabla ya kumleta mkaguzi wa vyombo vya majini. Nilipoligusia jambo hilo kwa mjomba, tena kwa kuzungukazunguka, alinyamaza, kisha akasema, "Boti hii naijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu." Hakuongeza neno. Mama aliposikia alinipigia simu akaniuliza tangu lini mtoto akamkagua mjomba wake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiona aibu kulirudia.

Mke wangu hapingi, ila aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalijibu: tukishainunua, mwezi wa kwanza tutalipia nini na nini?

Mjomba anataka jibu pamoja na arubuni kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa kuna mtu mwingine anaiulizia. Kuhusu karatasi sina wasiwasi, kwani usajili upo, una jina lake na la rafiki yake ambaye waliinunua pamoja na ambaye alishafariki miaka kadhaa iliyopita. Nimeona pia boti nyingine kwa mtu nisiyemjua, fupi kidogo, ya mwaka 2010, bei yake iko juu zaidi, na muuzaji mwenyewe ndiye aliyeniambia nije na mkaguzi. Hata hivyo moyo wangu haupo huko.

Je, nimwamini mjomba na kulipa, au nisisitize ukaguzi na kuuhatarisha undugu wetu? Na je, kuna namna ambayo mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuikagua boti kimya kimya, bila yeye kujua?

Ni mimi,
Mpwa Aliyekwama

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Mpwa,

Asante kwa barua yako. Nimeona ndani yake mtu anayempenda mjomba wake na anayeijali nyumba yake, na anayeogopa kwamba mapenzi hayo mawili yatagongana juu ya chombo kimoja. Kwa jinsi ninavyokuelewa, unaombwa utoe sehemu kubwa ya akiba yako kwa boti yenye zaidi ya miaka 20, iliyokaa nchi kavu karibu miaka miwili, kwa bei nzuri, ndani ya muda mfupi, bila mtu wa nje kuitazama. Na anayekuomba hivyo ni mtu ambaye maisha yako yote umemwitikia kwa heshima. Si ajabu kwamba umekwama.

Naomba nianze na namna ulivyoliuliza swali. Umeweka upande mmoja kumwamini mjomba na upande wa pili kuikagua boti, kana kwamba ukichukua hili umelitupa lile. Mimi sioni kwamba mambo haya yanapingana. Mjomba anakuhakikishia kile anachokijua, na hakuna katika barua yako kinachonifanya nilitilie shaka neno lake. Mkaguzi, kwa upande wake, haulizwi kama mjomba ni mkweli. Anaulizwa kuhusu sehemu za boti ambazo mwenye nayo, hata awe ameiendesha miaka mingi namna gani, hajawahi kuziona wala hana kifaa cha kuzipima. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na boti yake ikawa na ubovu asioujua.

Tuitazame bodi yenyewe, yaani gamba la boti linalokaa majini. Faiba huonekana kama kitu kisichopitisha maji, lakini kwa miaka mingi maji hupenya taratibu kwenye tabaka la nje linalong'aa, yakakutana na mabaki ya kemikali ndani ya rezini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za faiba, na kufanya majimaji yenye asidi. Majimaji hayo huvuta maji zaidi, shinikizo huongezeka, na sehemu ya chini inayokaa majini huota malengelenge. Lengelenge likitobolewa, mara nyingi hutoa harufu kali ya siki. Jambo linalokuhusu wewe hasa ni kwamba boti ikikaa muda mrefu nchi kavu malengelenge hayo huweza kunywea, na rangi mpya hufunika alama zilizobaki. Sisemi kwamba mjomba amepaka rangi ili akufiche kitu. Wapo wengi wanaokipaka rangi chombo wanachokiaga kwa sababu wanakipenda na wanataka kitoke mikononi mwao kikiwa na heshima. Ninachosema ni kwamba ukavu, turubai na rangi kwa pamoja vinamzuia hata yeye mwenyewe kuona. Mkaguzi huja na kipima unyevu na nyundo ndogo, akagonga bodi na sitaha hatua kwa hatua. Panapotoka mlio mzito uliofifia badala ya mlio mkavu, hushuku kwamba matabaka ya faiba yameachana, au kwamba mbao iliyofungiwa kati yake imeoza.

Mbao hiyo iliyofungiwa ndiyo inayowaumiza wanunuzi wengi wa boti zilizotumika. Sitaha nyingi za faiba zina kiini cha mbao nyepesi ya balsa au cha plaiwudi, na maji huingia kupitia matundu ya bolti za reli na vifungio vya kamba ambavyo havikuzibwa vizuri. Kiini huoza ndani kwa ndani huku juu pakiendelea kung'aa. Hapa wewe mwenyewe unaweza kufanya jambo: tembea taratibu, kwa uzito wako wote, kuzunguka kila kifungio, na usikie kwa nyayo kama sitaha inabonyea. Kisha inua vifuniko vya sakafu uangalie mihimili inayobeba injini, kwani injini iliyofungwa juu ya mbao zilizooza hutikisika na kupotosha shafti ya propela.

Kuna pia valvu zinazoruhusu maji kuingia na kutoka kwenye tumbo la boti. Zikiwa za shaba iliyochanganywa na zinki, maji ya chumvi hula zinki polepole, na shaba inayobaki hugeuka rangi ya waridi na kuwa dhaifu kiasi cha kuvunjika ukiigonga. Valvu moja ikikatika, boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa mahali pake na hakuna mtu ndani. Hili ndilo ambalo mimi ningetaka lijulikane kabla ya mtoto yeyote kupanda, awe mnunuzi ni wewe au ni huyo mwingine anayeiulizia.

Kuhusu injini, umeniambia kama habari njema kwamba mjomba huiwasha mara moja moja. Nia yake ni njema, lakini dizeli inayowashwa kwa dakika chache bila mzigo haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na unyevu huo hubaki ndani ya oili pamoja na asidi. Aidha, injini nyingi za ndani ya boti hupozwa kwa msaada wa maji yanayovutwa kutoka nje. Zikiwa nchi kavu lazima ziunganishiwe mpira wa maji, la sivyo kigurudumu chenye mapanga ya mpira kilichomo ndani ya pampu huungua na kukatika, na vipande vyake huweza kuziba njia za maji. Muulize mjomba alikuwa akiipozaje. Jibu lake litakufaa zaidi kuliko saa zilizoandikwa kwenye mita. Injini hutazamwa ikiwa baridi, kwa sababu uzito wa kuwaka huonekana hapo, kwa hiyo ukifika ukaikuta imeshapashwa joto, heri urudi siku nyingine. Moshi wa buluu unaoendelea huashiria kwamba oili inaungua, moshi mweusi kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa au injini imeelemewa, na moshi mweupe usiokatika kwamba kuna mafuta yasiyoungua au maji mahali pasipotakiwa. Oili ya giaboksi ikiwa na rangi ya maziwa, imeingiwa na maji. Haya yote, hata hivyo, hayatoshi mpaka boti ishushwe majini na injini ifunguliwe hadi mwisho, ionekane kama inafika mizunguko aliyoitaja mtengenezaji bila joto kupanda. Ufahamu pia kwamba mkaguzi wa bodi kwa kawaida hafungui injini. Hiyo ni kazi ya fundi wa dizeli, na malipo yake huwa ya pekee.

Sasa unaona kwa nini ukaguzi wa kimya kimya hauwezi kukufikisha mbali. Huwezi kuinua sakafu, kuishusha boti majini na kuifungua injini hadi mwisho bila mwenye nayo kujua, na akigundua kwamba ulikuwa ukipekua nyuma ya mgongo wake, hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kuhisi kwamba umemdharau. Hasara nyingine, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba utaikosa kumbukumbu yake. Yeye ndiye anayejua boti iliwahi kugonga mwamba wapi, shafti ilibadilishwa lini, na maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti, huongezeka katika hali gani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari; mwombe daftari lake na stakabadhi za matengenezo, mkae pamoja mzipitie. Mzee aliyekifundisha kizazi kingine mambo ya majini hupenda kuulizwa maswali ya namna hiyo.

Hili linanirudisha kwenye ukimya wake. Wewe umeusoma kuwa ni kuudhika, na huenda ndivyo. Lakini nilipoisoma barua yako nilijiuliza kama kuna jambo jingine. Mtu ameambiwa na daktari kwamba macho yake hayamruhusu tena kufanya alichokifanya tangu ujana, na sasa anaambiwa kwamba atakuja mgeni kuorodhesha kasoro za chombo chake. Inawezekana hakuogopa kutoaminiwa. Inawezekana aliogopa kusikia. Na ukitazama vizuri, hakukukatalia. Alisema anaijua boti yake, nawe ulilichukua hilo kama mlango uliofungwa kabla hujauliza waziwazi. Swali la kuzungukazunguka humlazimisha mkubwa akisie unamshuku kwa lipi, wakati swali la wazi humwambia.

Ningependekeza umwendee mkiwa wawili tu, bila mama na bila simu, umweleze yaliyo kweli: kwamba utawapandisha watoto wako kwenye boti ile, kwamba akiba yako haitabaki na nafasi ya kurekebisha jambo kubwa la ghafla, na kwamba kampuni za bima aghalabu hudai ripoti ya ukaguzi kabla ya kukubali boti yenye umri huo. Bima usiitumie kama kisingizio. Piga simu kwanza kwa kampuni unayoikusudia, ulize masharti yake, ili maneno utakayomwambia mjomba yawe na msingi. Kisha mwombe awepo siku ya ukaguzi, akae na mkaguzi, amweleze anachokijua. Mkaguzi mwenyewe umchague na kumlipa wewe, asiwe mtu aliyependekezwa na muuzaji yeyote, ndugu au mgeni. Katika hili singefanya tofauti kati ya mjomba wako na yule mwenye boti ya 2010. Mama naye, akielezwa kwamba inayokaguliwa ni boti watakayopanda wajukuu zake, huenda akalisikia jambo hili kwa sikio jingine.

Nataka sasa nisimame mahali ambapo wewe umepita haraka. Unasema kuhusu karatasi huna wasiwasi, kisha katika sentensi hiyohiyo unaniambia kwamba usajili una majina mawili na mmoja wao amefariki. Ndugu yangu, katika barua yako yote hapo ndipo nilipopata wasiwasi zaidi. Rafiki wa mjomba alipofariki, haki yake juu ya boti haikutoweka. Ilikwenda mahali fulani, na mahali hapo panategemea namna walivyosajiliwa na sheria ya nchi iliyoisajili boti. Kama walikuwa wamiliki wa pamoja ambao mmoja akifa mwingine huchukua chote, huenda mjomba ndiye mwenye boti peke yake na kilichobaki ni kurekebisha kumbukumbu. Kama kila mmoja alikuwa na sehemu yake, sehemu ya marehemu huenda ni ya warithi wake, nao wana haki ya kuulizwa. Katika utaratibu wa usajili wa Uingereza, kwa mfano, umiliki wa chombo hugawanywa katika hisa 64, na mtu huweza kuuza hisa zake tu. Mjomba anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba boti ni yake, kwa kuwa ndiye aliyeitunza miaka yote hiyo, na bado sahihi yake peke yake isitoshe kukupa umiliki kamili. Ukilipa akiba yako leo, kisha watoto wa marehemu wakajitokeza kesho, ugomvi hautakuwa kati yako na mgeni. Utakuwa kati yako na mtu uliyetaka kulinda heshima yake kwa kutouliza.

Pamoja na majina, ulizia madeni. Mkopo ambao boti iliwekwa rehani, ada ya maegesho isiyolipwa au deni la karakana vinaweza, katika nchi nyingi, kuing'ang'ania boti yenyewe na kumhangaisha mmiliki mpya. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1993 kuhusu madai na rehani za vyombo vya baharini unataja mishahara ya mabaharia na malipo ya uokoaji miongoni mwa madai yanayoendelea kukifuata chombo hata kikibadilisha mwenyewe. Ofisi inayosimamia usajili ndiyo ya kukuambia kama kuna rehani iliyoandikishwa. Linganisha pia namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye bodi, ambayo kwa kawaida huwa nyuma upande wa kulia, na ile iliyo kwenye karatasi. Boti za kiwandani Marekani zimewekewa namba hiyo tangu mwaka 1972, na nchi za Ulaya zina mfumo unaofanana. Namba zisipolingana, hilo litafutiwe maelezo kabla ya fedha.

Nije kwenye swali la mke wako, ambalo nadhani ndilo swali la busara kuliko yote yaliyomo katika barua yako. Watu wa boti hupenda kukadiria kwamba matunzo ya mwaka hugharimu kama asilimia 10 ya bei ya boti. Kwa boti ya zamani iliyonunuliwa kwa bei ya kindugu kanuni hiyo hudanganya, kwa sababu rangi ya kuzuia viumbe kushika chini, maegesho, kupandishwa na kushushwa, na spea za injini vinafuata ukubwa wa boti na umri wake, wala havijali ulilipa kiasi gani. Boti iliyolala miaka miwili huenda ikadai, kabla ya safari ya kwanza, betri mpya, mipira mipya ya mafuta na maji, tangi kusafishwa kwa kuwa dizeli iliyokaa na maji huota uchafu wa viumbe vidogo, na jaketi za kujiokolea zinazowatosha wote mtakaopanda. Kaeni wewe na mkeo na karatasi, muandike kila kimoja na bei yake huko mliko, kisha mlinganishe jumla hiyo na kile kitakachobaki kwenye akiba. Huenda theluthi ile aliyokupunguzia mjomba ikarudi kudaiwa na boti yenyewe, na huenda isirudi. Kwa sasa hamjui.

Wazo la kuikodisha ili ijilipie linahitaji kuangaliwa upya. Boti inayobeba watu kwa malipo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya biashara, na hapo huingia leseni, ukaguzi wa mamlaka, sifa za nahodha, vifaa zaidi vya usalama na bima ya aina nyingine. Inawezekana kabisa kwako, lakini ningekuomba usiihesabu fedha hiyo katika uamuzi wa kununua mpaka uwe umeyasikia masharti hayo kutoka kwa wahusika. Kama hesabu haisimami bila fedha za kukodisha, hilo nalo ni jibu ambalo mke wako angependa kulisikia mapema.

Njia ulizonazo ni zaidi ya mbili ulizoziandika. Unaweza kumwomba mjomba mwandikiane mkataba mfupi unaosema kwamba unatoa arubuni, na kwamba ununuzi utakamilika ikiwa ukaguzi, jaribio la majini na umiliki vitaridhisha, la sivyo arubuni irudi. Katika masoko mengi ya boti arubuni ya asilimia 10 kwa masharti ya namna hiyo ni jambo la kawaida, kwa hiyo hutakuwa umembunia adhabu. Hatari yake ni kwamba ripoti ikija na mambo mazito, itabidi mzungumze upya habari ya bei, na mazungumzo ya bei kati ya mpwa na mjomba yana uchungu wake. Unaweza pia kuinunua kama ilivyo, ukikubali moyoni kwamba sehemu ya fedha unampa mjomba kama shukrani kwa yale aliyokufundisha. Wapo waliofanya hivyo na hawakujuta, lakini hilo huwezekana pale tu ambapo fedha ikipotea nyumba haiyumbi, na wewe umeniambia kwamba akiba itabaki kidogo sana. Hata ukichagua njia hiyo, ukaguzi wa usalama na suala la majina mawili vitabaki palepale.

Njia nyingine, ambayo hukuitaja, ni kuitumia pamoja kwa msimu mmoja: yeye abaki mmiliki, wewe uendeshe na kuchangia gharama, naye akae pembeni yako akikuelekeza. Ingekupa kuijua boti kwa kuiendesha, na ingempa yeye kuiaga taratibu. Lakini matengenezo utakayoyalipia yatakuwa kwenye mali isiyo yako, na bila maandishi mnaweza kusahau nani alilipa nini. Tena bima lazima ijue nani anaendesha. Na ipo boti ile ya mgeni, ya mwaka 2010. Upya wake na uwazi wa muuzaji ni mambo mazuri, ingawa muuzaji anayekaribisha mkaguzi bado anahitaji kukaguliwa, na bei ya juu huenda ikakumaliza akiba kabla hujaanza kuyalipia matunzo. Unasema moyo wako haupo huko. Ningependa ujiulize kwa utulivu moyo wako unakitaka nini hasa: boti, au kuendelea kuwa majini na mjomba wako. Majibu hayo mawili yanaweza kukupeleka kwenye njia tofauti, na wewe peke yako ndiye unayeweza kujua lipi ni lako.

Kuhusu tarehe ya mwisho wa mwezi, sina shaka kwamba huyo mnunuzi mwingine yupo. Lakini mgeni huyo naye, akiwa mwangalifu, ataomba ukaguzi na atauliza habari ya majina mawili, kwa hiyo mjomba atayakuta maswali hayo hata kama si wewe uliyeyauliza. Unaweza kumwambia hivyo kwa upole, na ukamwomba muda wa kutosha mkaguzi kuja. Akikataa kabisa, utakuwa umejifunza jambo ambalo leo unalikisia tu, na utaamua ukilijua.

Lipo moja ambalo unaweza kulifanya wiki hii bila kumuudhi mtu: mwombe mjomba nakala ya usajili, mkae naye akusimulie jinsi yeye na rafiki yake walivyoinunua boti ile, na katika simulizi hiyo umuulize kama familia ya marehemu inajua kwamba inauzwa. Ukishazungumza naye niandikie tena unieleze alichokujibu, nami nitafurahi kuendelea kulifikiri jambo hili pamoja nawe.

Wako,
Mshauri